Michuzi ya Kaskazini mwa India Katika Jiko la Mbeya

Hapa Mbeya tukitaja chakula cha Kihindi, wengi wetu hufikiria chapati, sambusa, badia na mchuzi wa rangi ya manjano uliotiwa bizari ya pakiti. Jambo hilo lina historia yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya Watanzania wenye asili ya India chimbuko lao ni Gujarat na Kutch, upande wa magharibi wa nchi hiyo, na mapishi ya huko ndiyo yaliyozoeleka katika majiko yetu. Mapishi ya kaskazini, yaani ya Kashmir, Himachal Pradesh, Punjab, Rajasthan na Uttar Pradesh, wengi tumeyajua kupitia menyu za hoteli, ambako karibu kila nyama huletwa ndani ya mchuzi uleule wa nyanya na krimu. Nimekuwa nikiipika michuzi hiyo nyumbani, eneo moja baada ya jingine, na nimeridhika kwamba kila eneo lina msingi wake wa mchuzi. Mpishi akishaujua msingi huo, vitu vingi anavyohitaji atavipata Soko la Mwanjelwa bila kuagiza Dar es Salaam.

Nilianza na Kashmir kwa sababu ya baridi. Mji wa Srinagar uko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na Mbeya yetu iko kwenye mita 1,700 hivi. Wao wana theluji, sisi tuna Juni na Julai, na pande zote mbili mtu hutamani nyama yenye mchuzi wa moto unaopasha mwili. Mchuzi wao unaojulikana zaidi ni rogan josh, na kilichonivutia ni namna unavyopikwa na Wapandit, yaani Wahindu wa Kashmir, ambao kwa desturi hawatii kitunguu maji, kitunguu saumu wala nyanya. Waislamu wa bonde hilohilo hutumia vitunguu, na nyama yao ni tamu pia, lakini mapishi ya Wapandit yana mengi ya kumfundisha mpishi wa Kitanzania, ambaye karibu kila mchuzi huuanza kwa kukaanga kitunguu. Ladha yote hapa hutoka kwenye mvuje, shamari iliyosagwa, tangawizi kavu ya unga, pilipili nyekundu na mtindi.

Mvuje ndio ulionipeleka kwa mama mmoja anayeuza viungo na dawa za asili. Nilimwuliza, "Shikamoo mama, mvuje upo?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu, upo. Una mtoto anayeumwa tumbo?" Nilipomweleza kwamba ninautaka kwa ajili ya nyama ya mbuzi, alinitazama kwa makini, kisha akanichagulia kipande kikavu na kunionya nikifunge vizuri, kwa sababu harufu yake huingia hata kwenye sukari. Onyo hilo ni la kweli. Mvuje mbichi una harufu kali inayokera, lakini kipande kidogo kikitiwa kwenye mafuta ya moto hutoa povu, hubadilika rangi, na baada ya muda mfupi jiko zima hunukia kana kwamba kuna vitunguu vinavyokaangwa.

Wakashmiri hutumia mafuta ya haradali, ambayo huyachemsha mpaka yafuke moshi ndipo ukali wake upungue. Mimi hutumia ya alizeti, na hayo hayahitaji kufukishwa moshi. Baada ya mvuje hufuata karafuu, mdalasini na iliki nzima, kisha vipande vya mbuzi vyenye mfupa, ambavyo hukaangwa mpaka maji yake yakauke na nyama ianze kushika sufuria. Pilipili ya Kashmir hupendwa zaidi kwa rangi kuliko kwa ukali, kwa hiyo mimi huchukua pilipili ndefu nyekundu zilizokaushwa, huziondoa mbegu na kuzisaga, kisha huzikoroga ndani ya mtindi kabla ya kuumimina. Shamari na tangawizi hufuata pamoja na maji, halafu sufuria hufunikwa na kuachwa kwenye moto mdogo mpaka nyama ilainike na mafuta mekundu yaelee juu.

Hatua ya mtindi ndiyo inayowatisha wengi, nami naona inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu michuzi mingi ya kaskazini imejengwa juu yake. Protini za maziwa yaliyochachuka hukusanyika na kukaza zikipata moto wa ghafla, na hapo mchuzi hukatika, ukawa maji upande mmoja na chembe nyeupe upande mwingine. Kinga zake ni nne, na mimi hupenda kuzitumia zote: mtindi uwe na mafuta yake yote, usitoke moja kwa moja kwenye friji, upigwe mpaka uwe laini kabisa, na baada ya kumiminwa ukorogwe bila kupumzika mpaka utokote. Sisi wa huku tumebahatika, kwa kuwa maziwa ya Rungwe ni mazito na mtindi wake hauhitaji kusaidiwa sana. Nikitaka uwe mzito zaidi huuchuja kwa kitambaa safi kwa saa kadhaa.

Wapunjabi na Warajasthani wana kinga ya tano, ambayo ni unga wa dengu. Wanga wake huzizuia protini zisishikamane, na ndiyo maana kadhi, mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, unaweza kuchemka kwa muda mrefu bila kukatika. Rajasthan sehemu kubwa ni jangwa, ambako maji na mboga za majani vimekuwa haba tangu zamani, na wapishi wa huko waliugeuza unga huohuo kuwa kitoweo. Huukanda kwa viungo na mafuta, huuviringisha kama vijiti vinene, huvichemsha, huvikata vipande na kuvitia kwenye mchuzi wa mtindi. Chakula hicho huitwa gatte, nami nakihesabu miongoni mwa vyakula vya akili kubwa kabisa nilivyowahi kupika. Kule Himachal hupika dengu kubwa nyeupe kwa mtindi na samli na kuziita madra. Ni chakula kizuri, ila kinataka samli ya kweli.

Lucknow, mji wa Uttar Pradesh, ni habari nyingine. Mwaka 1775 Nawabu (yaani mtawala) Asaf-ud-Daula alihamishia huko makao makuu ya dola yake ya Awadh kutoka mji wa Faizabad, na Lucknow ikasifika kwa upishi wa majiko ya wakubwa. Korma yao, yaani mchuzi mzito wa nyama, hupata uzito kutokana na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia na kusagwa, mtindi, na lozi au korosho. Sufuria hufungwa ukingoni kwa unga uliokandwa, mkaa huwekwa chini na juu ya mfuniko, na nyama huiva kwa mvuke wake yenyewe. Mtu aliyezoea kupalia wali hahitaji kufundishwa hatua hiyo.

Kuhusu Punjab, nisingependa msomaji aanze na kuku wa siagi, ingawa ndiye maarufu. Huyo ni wa mgahawani, na sifa zake zinahusishwa na mgahawa wa Moti Mahal wa Delhi, uliofunguliwa na watu waliotoka Peshawar, mji ambao leo uko Pakistan, wakati wa mgawanyo wa India wa 1947. Chakula cha shambani ni sarson ka saag, majani ya haradali yaliyopikwa mpaka yakalainika na kupondwa, yakaliwa na mkate wa unga wa mahindi. Mimi huchanganya figiri na mchicha, huponda kwa mwiko, hutia unga kidogo wa mahindi ili yashikamane, na mwishoni humimina juu yake samli iliyokaangwa tangawizi na kitunguu saumu. Nyumbani kwangu huliwa na ugali wa dona.

Chakula kingine cha Punjab na cha Jammu, eneo jirani na Kashmir, ni rajma, maharage mekundu kwenye mchuzi wa vitunguu, nyanya na tangawizi, na hapa mwinuko wetu una la kusema. Maji ya Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva kuliko mapishi yanavyoahidi. Yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, na yachemke kwa nguvu kwanza, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayosumbua tumbo. Mwenye sufuria ya presha ataokoa mkaa mwingi. Rajma huliwa na wali, na wa Kyela unaufaa sana mchuzi huu, mradi maharage machache yapondwe kwa mgongo wa mwiko ukingoni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito bila kuongezwa unga.