Ushuru wa mchele, sukari na mitumba: anaepiga kelele ndo anaesikilizwa

Watu wengi wanadhani ushuru wa forodha unapangwa na wachumi waliojifungia na kalkuleta zao. Mie naona unapangwa na yule anaejua mlango wa waziri uko wapi.

Chukua sukari. Kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki sukari ya nje imewekewa 100%, mchele 75%. Wenye viwanda vya sukari ni wachache, wanajuana, na wana hoja ya ajira za watu, na mbunge mwenye mashamba ya miwa jimboni kwake hawezi kunyamaza. Sie wanywa chai tuko mamilioni lakini kila mmoja anaumia kidogo kidogo, sasa nani atafunga duka akaandamane kwa shilingi mia tatu? Februari 2016 Magufuli akazuia sukari ya nje isiingie bila kibali, nia kulinda viwanda, haikufika mbali sukari ikaadimika, bei ikapaa, serikali ikarudi kuagiza hiyo hiyo ya nje!

Huku kwetu Zanzibar ndo mtihani zaidi, maana tunakula mapembe, mchele wa nje, mpunga wa mabonde ya Cheju hapa Unguja na wa Pemba hautoshi, kwa hivyo mwanasiasa wa Zanzibar anaogopa bei ya mchele, hasa Ramadhani ikikaribia, na wa bara anaogopa mkulima wa mpunga wa Mbeya. Nchi moja hiyo (au mbili, tusianze ugomvi hapa). Ndo unakuta mzigo umeshalipiwa ushuru bandarini Malindi, Unguja, ukifika Dar unaambiwa lipa tofauti, khaa, hiyo kero ya Muungano tumeisema mpaka makoo yamekauka.

Mitumba nayo sasa. 2016 marais wa Jumuiya walikubaliana kuiondoa taratibu ili viwanda vya nguo vifufuke. 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao kwamba hilo linavunja masharti ya AGOA, ile sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma mwanzo, Tanzania na Uganda nao wakalegea, Rwanda ikakaza na 2018 nguo zake zikasimamishiwa msamaha wa ushuru kule Marekani. Wauza mitumba wetu wa Darajani hawakuandika hata barua, biashara yao imepona kwa sababu matajiri wa mitumba wa huko mbali wana mawakili.