ISO ya jana usiku, jua la leo Mkunguni

Mpiga picha akigundua amekosea utamjua tu: hukunja uso, hukiziba kioo cha kamera kwa kiganja ili aliye jirani asione, kisha huanza kulaumu jua. Pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, haya huonekana sana asubuhi. Jua halina kosa. Kosa lilifanyika usiku, kamera ilipozimwa na kutiwa mkobani vilevile ilivyokuwa.

Kamera ikizimwa haisahau kitu. Ukipiga ngoma ya harusi saa nne usiku kwa ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga) ya 6400, alfajiri utaikuta 6400 ile ile inakungoja. Sasa fanya hesabu. Jua la saa nne asubuhi Lamu, bila wingu, linataka takriban ISO 100, f/8 (upana wa tundu la lenzi) na kasi ya 1/400 ya sekunde. Ukiacha ISO 6400, mwanga unaosomwa umezidishwa mara 64, kwa hiyo kwa f/8 hiyo hiyo unahitaji kasi ya 1/25600. Shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia, kwa kamera nyingi huishia 1/4000, nyingine 1/8000. Kwa 1/4000 umebaki na mwanga zaidi ya mara sita ya unaotakiwa: anga imekuwa karatasi, ukuta wa ngome hauna jiwe hata moja linaloonekana, na punda amekosa manyoya. Hali ya A au Av, ambayo wewe unachagua f na kamera inachagua kasi, haikuokoi hapo, maana kamera imefika mwisho wa uwezo wake. Kinachobaki ni namba ya kasi kupepesa ndani ya tundu la kuchungulia, nayo hakuna anayeitazama.

Ndugu za kosa hili ni wengi. Kirekebishi cha mwanga, kile cha + na -, kilichoachwa kwenye -2. Kihesabu muda cha sekunde kumi, ambacho hukufanya ubonyeze, usubiri, ubonyeze tena, huku mashua imeshapita. Swichi ya lenzi iliyosukumwa kwenye MF (fokasi ya mkono) na ukingo wa mkoba. Rangi ya mwanga iliyowekwa kwa taa za ndani, ambayo hukigeuza kijiji chote cha Shela mchana kuwa bluu kama dobi amemwaga dawa yake. Ukipiga RAW, faili ghafi la kamera, utairekebisha kwa kubofya mara moja, ukipiga JPEG utahangaika na ngozi za watu zisirudi kamwe. Na ubora wa picha ulioshushwa hadi JPEG ndogo ili kumtumia mtu picha moja haraka, ukasahauliwa hapo siku tatu.

Dawa ni kuipa kamera kikao cha nyumbani. Ni nafasi za kuhifadhi mipangilio: baadhi ya Canon wana C1 na C2, baadhi ya Nikon wana U1 na U2, na wengine wana majina yao. Weka humo ISO 100, kirekebishi sifuri, RAW, fokasi ya kujiendesha, rangi ya kujirekebisha, kihesabu muda kimezimwa. Usiku, kabla ya kuchomeka betri kwenye chaja, zungusha gurudumu hadi hapo. Na betri ikishajaa, irudi ndani ya kamera. Isibaki kwenye chaja ukutani huku mwenyewe uko kijijini Matondoni.

Mazungumzo ya saa yanataka nafasi yake, kwa sababu sisi tuna balaa ambalo watu wa kwingine hawana. Mtu anaulizwa na menyu saa ngapi, anatazama nje, ni saa mbili asubuhi, anaandika 02:00. Kamera yake sasa iko nyuma saa sita. Mwenzake wa pili ameandika 08:00. Harusi ina kamera mbili, picha 1,800 zinamwagwa kwenye kompyuta na kupangwa kwa muda, na hapo bi harusi anatolewa nje kabla ya nikaha kufungwa. Kamera ya mgeni iliyobaki na saa ya London huleta vurugu ile ile kwa kiasi kidogo. Kabla ya kazi, kila kamera ipige picha ya kioo cha simu moja kinachoonyesha saa na dakika. Baadaye programu ya kupangia picha itasogeza kundi zima kwa tofauti utakayoiona.

Kosa la kanzu ni la heshima kidogo, kwa sababu hata wenye uzoefu hulifanya. Kipima mwanga hakijui kanzu ni nini. Kinadhani kwamba mbele yake kuna kijivu cha wastani, basi kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu hupunguza mwanga mpaka iwe kijivu. Bwana harusi anaonekana kama aliyevaa kanzu ya kukopa. Ongeza +1, wakati mwingine +1⅓, kisha fungua onyo la sehemu zilizoungua, zile zinazopepesa kiooni kwa mwanga kuzidi: kola ikipepesa kidogo si neno, kifua kizima kikipepesa rudi nyuma theluthi moja. Buibui ni kinyume chake. Kamera huona giza, huongeza mwanga, weusi unageuka majivu na uso unaungua. Teremsha hadi -1. Wakisimama wote wawili pamoja, linda kanzu kwanza. Kivuli cha buibui kwenye RAW kinainuka vizuri, lakini weupe ulioungua umeungua. Kichochoroni ongeza tahadhari moja: ondoa ule ukanda wa anga katikati ya kuta, maana ndio unaoidanganya kamera. Sogea, inamisha lenzi, tumia kivuli cha baraza. (Na idhini iombwe kabla ya kamera kuinuliwa. Hilo halina kirekebishi.)

Ukungu je? Chumba kina kiyoyozi cha nyuzi 20, nje ni 30 na hewa imejaa maji. Kioo cha lenzi kikiwa baridi kuliko hewa ya nje, mvuke hugeuka matone juu yake, sawasawa na gilasi ya maji ya barafu. Watu hufuta kwa ncha ya shati. Ukungu unarudi baada ya nukta chache, na sasa kuna mafuta ya mwili na chumvi juu ya kioo. Usifute. Kabla ya kutoka, tia kamera ndani ya mfuko wa nailoni, utoe hewa, uufunge kabisa. Matone yatakaa juu ya mfuko badala ya kamera. Baada ya nusu saa hivi nje, ifungue. Katika muda huo usithubutu kubadilisha lenzi, kwa sababu hewa yenye maji itaingia ndani na kugandia kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga, mahali ambapo huwezi kufuta kitu.

Kubadilisha lenzi mashuani au kwenye vilima vya mchanga vya Shela wakati kusi inavuma, hilo si kosa tena, ni ubishi. Ikibidi: zima kamera, geuka uupe upepo mgongo, mdomo wa kamera utazame chini, lenzi ya pili iwe tayari imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma. Vumbi lililoingia halionekani kwenye f/2.8. Hujitokeza f/11 na kuendelea, madoa madoa angani. Ili kulipima, weka f/16 na ISO 100, haribu fokasi makusudi, piga ukuta mweupe. Kuliondoa, tumia pampu ya mpira ya mkono. Kupuliza kwa mdomo kunaongeza mate, na mate yakikauka hapo utamtafuta fundi. Jioni, pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kisha kikavu. Chumvi hupenya kwenye vitufe taratibu, bila kukuaga.

Ukumbini: flashi ya kawaida inataka kasi isizidi 1/200 au 1/250 kutegemea kamera. Ukizidisha, pazia la pili la shata linakuwa limeshaanza kufunga, na picha inakatwa na ukanda mweusi. Taa za LED nazo, kwa umeme wetu wa 50 Hz, nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya kielektroniki huzigeuza kuwa mistari. Rudi kwenye shata ya mitambo, 1/50 au 1/100.

Mwenye kuapa kwamba lenzi yake imeharibika kwa kuwa akichungulia anaona vitu vimefifia, ilhali picha zake ziko sawa, atazame kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia. Kimezungushwa mkobani. Kirudishe huku ukitazama namba za ndani, si mandhari, mpaka zisomeke.

Limebaki la kadi. Menyu ya kamera nyingi inaruhusu shata kupiga hata kadi ikiwa imebaki kwenye kompyuta: izime leo. Aliyefuta kadi kimakosa asipige picha nyingine hata moja. Mara nyingi kufuta kwa haraka hakuondoi picha, huondoa orodha tu inayosema ziko wapi, na kila picha mpya hukalia mahali pa ya zamani. Toa kadi, kama ni ya SD sukuma kile kitelezi cha kando kiifunge isiandikike, kisha iendeshe kwa PhotoRec au Recuva, programu za kurejesha faili, na unachokipata ukihifadhi kwenye diski ya kompyuta. Ukikirudisha kwenye kadi ile ile unajifutia mara ya pili.