Kigawa maji kinachozunguka: jinsi nilivyokizuia kukwama

Matumbawe kwenye tangi la maji ya chumvi yanataka mkondo unaobadilika. Ukiwa wa upande mmoja tu, uchafu hujikusanya nyuma ya mawe na mwani huota. Kigawa changu, kinachopeleka maji ya pampu upande mmoja baada ya mwingine, ni kifuniko cha bomba la PVC (plastiki ngumu) la milimita 110 chenye matoleo manne (midomo ya kutolea maji) ya milimita 25 chini. Ndani huzunguka sahani ya PVC iliyokatwa tundu la nusu mwezi. Usitoboe tundu dogo la duara: likifika katikati ya matoleo mawili, pampu inazibwa. Kwa nusu mwezi, nafasi iliyo wazi haibadiliki sana.

Tatizo lilikuwa mota kukwama kila pampu ikiwashwa. Mota haikuwa mbovu. Maji yalikuwa yanaigandamiza sahani kwenye sakafu ya kigawa, na msuguano unazidi nguvu ya giya. Niliweka washa (kipete bapa) ya nailoni yenye unene wa milimita 1 katikati, chini ya sahani, halafu nikapiga msasa ukingo wa sahani mpaka ukabaki mwanya wa milimita 2 pembeni. Maji kidogo yanavuja kwenye matoleo yaliyofungwa. Hayana madhara, yanabaki ndani ya tangi.

Mota ni ya volti 12 yenye giya, mzunguko 1 kwa dakika, imefungwa juu ya maji pasiporukiwa. Fimbo iwe ya plastiki. Shaba usiiweke kabisa, inaua matumbawe na kamba. Chokaa ikianza kushika sahani, iloweke kwenye siki usiku kucha, kisha isuuze vizuri.