Jioni Shangazi alipoishika seva

Mwanangu kaniuliza jana, "Baba, kwani video inakaa wapi kabla hatujaibonyeza?" Nikajikuta nacheka peke yangu, nimekumbuka Tanga, wiki moja baada ya harusi ya dada.

Mpiga video alikuwa ameleta flashi, umeme umekatika, na nyumba imejaa watu wenye simu wasio na bando. Laptopu yangu ilikuwa na chaji. Nikawasha hotispoti ya simu, ambayo kwa kazi hiyo haihitaji bando hata kidogo, nikafungua Python, lugha ya kuandikia programu, na kuunda objekti ya seva, yaani kitu kinachogawia simu mafaili ya laptopu, kwa mstari mmoja: `seva = HTTPServer(("0.0.0.0", 8000), SimpleHTTPRequestHandler)`. Zile sufuri ndizo zinazofungua mlango kwa simu za wengine, ukiandika 127.0.0.1 laptopu inaongea na nafsi yake tu. Kisha `seva.serve_forever()`, nikawasomea anwani kwa sauti.

Shangazi akawahi. Kwenye terminali, lile dirisha la maandishi la laptopu, ukatokea mstari mmoja, "GET /harusi.mp4", 200, yaani ombi limekubaliwa, basi. Simu nyingine zote zikabaki na kiduara kinachozunguka. HTTPServer huhudumia ombi moja kwa wakati, na faili lilikuwa kubwa. Mnamjua Shangazi: alipofika pale anapoingia ukumbini na gauni lake la dhahabu, akasimamisha video ajitazame. Nyumba nzima ikasimama naye. "Sogeza basi, dada!" Mama akamwambia. Hakusogeza. Mmoja mmoja wakaacha simu zao wakaja kumzunguka, mtoto begani, kidevu juu ya kilemba cha mwenzake, wakaanza kubishana nani alilia kwanza.

Mimi, fundi, nikabadilisha neno moja: ThreadingHTTPServer, iliyoingia na Python 3.7 mwaka 2018. Kila simu ikapata uzi wake, yaani njia yake ya kuhudumiwa sambamba na wengine. Dakika chache kila mtu yuko kona yake, vigelegele vilevile vinatoka chumbani, barazani, jikoni, kila kimoja kwa wakati wake. Kitaalamu ilikuwa safi. Mpaka leo sina hakika kama niliwasaidia.

Aliyelalamika ni Shangazi peke yake, tena kwa jambo lingine. Seva ile haijui kutoa kipande cha faili, lile jibu la 206, kwa hiyo kila akijaribu kuruka hotuba ya mwenyekiti wa kamati, video inarudi mwanzo. Akaisikiliza yote, mara mbili, akimtukana mwenyekiti.