Umeme ukikatika, zima kwanza

Jumamosi iliyopita tumepiga bati mzinga wa nyuki wa kumi na mbili, ndo wa mwisho, nikarudi zangu Ipuli nimechoka ila moyo umejaa. Sasa nimekaa na chai yangu nataka niandike kabla sijasahau, maana watu wananiuliza sana hivi unawezaje kuwapa watoto wa form two misumeno na patasi, huogopi? Naogopa. Tena sana, na ndo maana nawafundisha hivi ninavyowafundisha.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi seremala hapa Tabora mjini, hii kazi naifanya tangu 2003, na kuna shule moja ya sekondari iliniomba niwe naenda mara mbili kwa wiki kuwasaidia wanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, huu uliokuja na sera ya elimu toleo la 2023. Karakana wanayo, ya zamani, enzi za Elimu ya Kujitegemea ile ya Mwalimu, ila tulipoifungua tulikuta imekuwa stoo ya madawati mabovu na popo juu ya dari. Tumesafisha siku tatu. Chini ya madawati tukakuta jiriwa nne za chuma, zile za kubania mbao, zimefungwa kwenye meza ya mbao nzito, zina kutu tu, tukazimwagia oili tukaziacha usiku kucha asubuhi zikafunguka zenyewe kwa mkono mmoja. Mwenzenu nilisimama pale machozi yananilenga, yaani kuna mafundi walizikaza pale ili watoto wafundishwe, halafu tukaja kuzifukia.

Niseme habari ya kidole kwanza. Kidole changu cha shahada mkono wa kushoto hakina ncha. 2009 nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya mtu, umeme ukakatika tukiwa katikati ya kupasua mbao, wote tukatoka nje tukakaa chini ya mwembe kama kawaida yetu, hakuna aliyezima swichi. Imepita kama saa nzima nikaona bora niingie nisafishe, nikaanza kutoa maranda yaliyokwama pembeni ya msumeno kwa mkono, na umeme ukarudi. Hakuna kosa la ajabu lililofanyika siku ile, ni yale yale tuliyokuwa tunayafanya kila umeme ukikatika, na kila siku tulikuwa tunapona.

Zipo mashine zenye swichi ambayo umeme ukikatika inaachia yenyewe, ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu aje abonyeze. Ila tuseme ukweli, mashine nyingi za mtaani kwetu zimeungwaungwa, mota imetoka huku, msumeno kule, meza kachomelea fundi wa magrili, na swichi ni ya ukutani kama ya taa ya sebuleni. Na hawa madogo wakimaliza shule ndo huko wanakoenda kufanyia kazi. Kwahiyo kabla mtoto hajagusa mashine yoyote nikawapa sheria moja, umeme ukikatika, popote ulipo humo ndani, unapiga kelele ZIMA, na aliye karibu na mashine anazima swichi halafu anachomoa na plagi. Tumeifanyia mazoezi mashine haijawashwa hata siku moja. Nilikuwa naenda kwenye meini swichi nazima taa kimyakimya, halafu nasikiliza. Siku za kwanza kimya, wanacheka, wengine wanakimbilia dirishani kuangalia kama mtaa mzima umekatika. Nikawa narudia tu.

Halafu miezi mitatu hakuna mashine. Walilalamika hao! Fundi tunataka ile kubwa, fundi hii randa inachosha. Nikawaambia hiyo kubwa inafanya hichohicho unachofanya na mkono ila kwa spidi ambayo macho yako hayaifuati, kama na mkono tu unakata kombo ile itakukatia kombo kabla hujashtuka. Tukaanza na guni ya kupimia pembe, futi, penseli, msumeno wa mkono, randa, patasi. Na kinoo. Wiki mbili nzima tumenoa tu, maana watu wengi wanaamini patasi kali ndo hatari, wakati ukichunguza waliojikata wengi walikuwa na patasi butu, haingii kwenye mbao, mtu anaongeza nguvu, inateleza, na mkono mwingine uko mbele yake umeshika kazi. Mkono usikae mbele ya patasi, hiyo nilisema mpaka wakawa wanaimaliza sentensi wenyewe. Mbao inashikwa na jiriwa au klampu, mikono yote miwili inabaki nyuma ya makali. Kupima tulikuwa tunachukua kipande cha msonobari tunakichonga upande wa kichwa, kule nyuzi zinakokatika. Patasi kali inaacha uso laini unang'aa, butu inapondaponda. Baadaye wakawa wanajua kwa kusikiliza tu.

Msonobari ndo tumetumia kwa kazi nyingi, hizi mbao zinazotoka huko Mufindi, Sao Hill, ni laini na bei inavumilika, ukiharibu hujaharibu sana. Mninga nimeupata mabaki tu, vipande wanavyotupa mafundi wa vitanda. Na mninga hauchezewi siku hizi, tangu 2022 umeingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwamba biashara yake ya nje inadhibitiwa, na sisi ambao tumekua tukiuona kila nyumba tunajua kabisa magogo yale manene hayaji tena. Nikawaambia kipande hiki kidogo unachokiona, mti wake una umri kuliko babu yako, pima mara tatu ndo ukate. Na vumbi lake likimwasha mtu pua ndo ataelewa barakoa ni ya nini. Vumbi la mbao, lolote lile, IARC, hao wataalamu wa saratani wa dunia, wameliweka kundi la kwanza kabisa la vitu vinavyojulikana kuleta saratani, hasa ya ndani ya pua. Sisi tulikuwa tunalifagia kavu na kupuliza kwa mdomo. Madogo wangu wananyunyiza maji kwanza ndo wanafagia, na barakoa iko usoni, haiko kidevuni.

Sasa mizinga. Kwanini mizinga na sio stuli? Kwasababu hapa ni Tabora, asali ni yetu, na kwasababu nyuki hadanganywi. Stuli ikiwa kombo utaweka karatasi chini ya mguu mmoja maisha yanaendelea. Mzinga wa pao za juu, yaani vibao vinavyolala juu ambavyo nyuki wanajengea sega, hauna hiyo, kila upao lazima uwe na upana wa milimita 32, kwa nyuki wetu wa Afrika huo ndo upana wa sega moja pamoja na njia yao ya kupita. Ukikata 36 au 28 wanaanza kujenga sega linakatiza upao huu mpaka ule, siku ya kurina ukiinua mmoja umebomoa matatu, asali inamwagika, nyuki wanakufa, waliobaki wanakasirika na wana haki. Mzinga mmoja tumeupa pao 26. Mara kumi na mbili! Hesabu hapo, pao 312 zote ziwe sawa, kwa mikono ya watoto wa miaka kumi na tano. Zile za kwanza tulizitupa karibu nusu, kuna dogo alikuwa anapima kuanzia kwenye kile kichuma cha mbele ya futi ambacho kimelegea, zote zake zikawa zimezidi milimita mbili. Tukakaa chini darasa zima tukaangalia kile kichuma kinavyocheza. Hilo somo sikuwa nimelipanga na limekaa kuliko yote niliyopanga.

Na hiki ndo nilichokuja kukiona mwaka huu, mtoto anayejali milimita mbili ndo huyohuyo anayekumbuka kufunga mtandio nyuma kabla hajasogelea mashine. Sijui wala sitaki kuwapa somo la usalama peke yake, la kunakili ubaoni sheria kumi, nilishaona wanafunzi wanapata mia kwenye huo mtihani halafu wanaingia na ndala.

Kuna mama mmoja alikuja shuleni na glavu, kanunua sokoni za ngozi kabisa, nzuri. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, nimemletea mjukuu wangu asije akakatika vidole. Nilimshukuru sana, halafu nikamuomba tukae, nikamwambia mama hizi zitamfaa kubebea mbao na kupakulia mabati, ila kwenye mashine inayozunguka, glavu ikiguswa na jino moja tu inavutwa na mkono mzima unaifuata, mkono mtupu utachubuka au utakatwa, ila utatoka. Ndo hivyohivyo kwa tai ya shule, mikono mirefu ya shati, bangili, mtandio. Alizichukua akazishika muda mrefu, akasema basi abebee mbao. Anabebea mbao mpaka leo.

Mashine tumewasha mwezi wa nne. Kazi ya kwanza kila mtu kajichongea kijiti chake cha kusukumia mbao, kwa mabaki ya mninga, kaandika jina. Mkono haukaribii meno ya msumeno chini ya shibiri moja, ya kwako mwenyewe, pima kwa vidole vyako, ikibaki chini ya hapo kijiti kinamalizia. Husimami nyuma ya mstari wa mbao, unasimama pembeni, kwasababu mbao ikibanwa upande wa nyuma wa msumeno inarushwa kukurudia tumboni na nguvu ya kuizuia huna. Ndo maana kile kisu kinachosimama nyuma ya msumeno kutenganisha mbao hakitolewi, hata kama fundi wa mtaani anakwambia kinasumbua.

Na grenda. Jamani grenda. Naona vijana mtaani wanatoa kava wanafunga msumeno wa meno ya mbao kwenye grenda ya kukatia chuma, spidi ya grenda ndogo inafika mizunguko elfu kumi na moja kwa dakika, misumeno mingi ya mbao haikutengenezwa kwa spidi hiyo na grenda yenyewe haina kitu cha kuizuia isiruke. Nimeona uso wa kijana mmoja baada ya hiyo kitu. Sitauelezea. Kama wewe ni fundi na una kijana anajifunza kwako, nakuomba kama ndugu, hiyo usimfundishe.

Mwezi wa sita katikati ya kipindi umeme ukakatika kweli. Mimi nilikuwa nje naongea na mwalimu mkuu. Nikasikia sauti ile ya mota inavyoshuka, uuuu, na kabla haijafika chini nikasikia ZIMA, sauti za watoto kama ishirini kwa pamoja, halafu tak, swichi. Mwalimu mkuu akashtuka akauliza kuna nini humo. Sikumjibu, niliingia ndani nikakuta plagi imelala juu ya meza na madogo wameshachukua randa za mkono wanaendelea. Nilienda kusimama kule kwenye jiriwa mpaka nilipoweza kuongea.

Mizinga minne ya kwanza tulishaipeleka Sikonge kwa mzee mmoja mrina asali, katundika kwenye miti yake ya mitundu. Juzi kapiga simu, miwili imeingia nyuki. Kila mzinga una jina la aliyeutengeneza chini ya mfuniko, akanisomea, mmoja ni wa yule dogo wa futi iliyolegea. Nilipomwambia huyo dogo hakushangilia, aliuliza tu, fundi, sega zimefuata pao? Mzee anasema mpaka wakati wa kurina ndo atafungua.