Binti aliyetolewa kwaya, na habari ya Barnaba

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii liko Matendo 9:26-30 halafu mruke mpaka 11:22-26, naomba kila mtu afungue Biblia yake asome yote mawili kabla hajaendelea hapa, maana mimi nataka niliweke hilo neno karibu na habari ya binti mmoja wa Wales ambaye sijaacha kumfikiria siku hizi.

Ni mwimbaji, anaitwa Duffy, Aimée Anne Duffy, kazaliwa 1984 Bangor na sehemu kubwa ya utoto wake ni Nefyn, kamji kadogo kaskazini kule baharini ambako watu majumbani wanaongea Kiwelshi. Na Wales ni nchi ya kuimba kwelikweli, mkumbuke uamsho wa 1904 wa Evan Roberts ulioanzia Loughor, watu walikuwa wanaimba na kuomba ibada nzima mpaka mahubiri yanakosa nafasi. Sasa katika nchi ya namna hiyo huyu binti akatolewa kwenye kwaya ya shule! Amesimulia mwenyewe kwamba aliambiwa sauti yake ni kubwa mno, haikai na za wenzake.

Walimu wa kwaya nawaomba tukae hapa kidogo. Hii kitu tunayo mazoezini kila wiki, binti ana sauti inapasua ukuta tunamwambia punguza, punguza tena, hakuna anayefikiria kumpa aanzishe wimbo, mwisho anaimba kwa kunong'ona, na akiacha kuja tunasema ana kiburi. Mimi inaniuma sana, maana ile sauti hakuinunua dukani, amepewa na Mungu yuleyule tunayemwimbia.

Ona Sauli sasa, huyu ndiye Paulo wa baadaye, aliyekuwa analitesa kanisa. Amefika Yerusalemu amebadilika kweli, anataka kujiunga na wanafunzi, wote wanamkimbia, na tuseme haki walikuwa na sababu maana damu ya Stefano, aliyepigwa mawe Sauli akikubali, haijasahaulika. Hakuna aliyemtukana wala nini, ila mlango umefungwa. Barnaba ndiye akamshika akampeleka mwenyewe mpaka mbele ya mitume akasimama kumtetea, jina lake la heshima kaliweka rehani kwa mtu ambaye kanisa zima linamwogopa.

Duffy naye akina Barnaba wake walikuja, tena kwa kupokezana. Aliingia shindano la kuimba la S4C, ile TV ya Kiwelshi, akashika namba mbili, 2004 akatoa nyimbo tatu za Kiwelshi na huko nje hakuna aliyejua kitu. Ila wanamuziki wawili wa kwao, Richard Parfitt na Owen Powell, walimsikia wakaona huyu asiishie hapa, wakamuunganisha na mama mmoja London, Jeanette Lee wa kampuni ya muziki ya Rough Trade, na huyo mama akawa meneja wake. Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi, kwamba hakumkimbiza studio watoe hiti haraka. Alimpeleka kwa Bernard Butler, aliyekuwa anapiga gitaa bendi ya Suede, na Butler akaanza kumsikilizisha soul ya zamani, ule muziki wa Wamarekani weusi, ambayo Nefyn hakuwahi kukutana nayo, Bettye Swann, Ann Peebles, Al Green (huyu Al Green ndiye yule aliyekuja kuwa mchungaji Memphis), wakawa wanasikiliza na kuandika nyimbo pole pole, na ile kazi kwa ujumla ilikula kama miaka minne hivi.

Miaka minne! Sisi kijana akiokoka Januari tunataka Pasaka awe kwenye bango.

Halafu Februari 2008 ukatoka wimbo wa Mercy ukakaa namba moja Uingereza wiki tano, mwanamke wa Wales hakuwa amefika hapo tangu Bonnie Tyler 1983, albamu yake Rockferry ikauza kuliko zote Uingereza mwaka ule, 2009 akachukua tuzo tatu za Brit, zile za muziki za Uingereza, na Grammy ya Marekani. Lakini tafadhali mtu asichukue hizo tuzo akasema ndiyo malipo ya kuvumilia, maana 2020 Duffy mwenyewe alieleza hadharani kwamba alitekwa, akapewa madawa, akabakwa, na ndiyo maana alikuwa amepotea miaka yote ile. Tumuombee jamani, kwa jina. Grammy haikumkinga na hilo, na mimi siwezi kuwahubiria injili inayoahidi kinga ya namna hiyo.

Ninachowaonyesha ni wale walioamua kubaki na mtu. Matendo 11 Barnaba yuko Antiokia kazi imemzidi, watu wanaokoka kila kukicha, na Sauli yuko kwao Tarso muda mrefu hatumsikii, mtu mwingine angesema ngoja nimalize huku kwanza. Yeye akafunga safari kwenda kumtafuta, na mstari unasema akimtafuta, yaani hakuwa na uhakika hata nyumba ipi, akampata, akaja naye, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Halafu angalieni majina, mwanzoni inaandikwa Barnaba na Sauli, ukifika sura ya 13 katikati inageuka Paulo na wenzake, baadaye Paulo na Barnaba, na hakuna mahali Barnaba analalamika. Ni kama Butler tu, watu wameimba nyimbo za ile albamu duniani kote na wengi hawajui kwamba kuna mtu alikaa na yule binti akimfundisha kusikiliza.

Wiki ijayo Mungu akipenda tunaingia Matendo 15:36-40, Barnaba anarudia jambo lilelile kwa Yohana Marko na safari hii linamgharimu urafiki wake na Paulo. Someni mapema, na mwenye swali alilete.