Hotuba moja, vichwa viwili vya habari

Siku hizi, kabla sijaamini habari yoyote ya siasa, huanza na mashirika yanayoviuzia habari vyombo vingine, kama vile Associated Press, lililoanzishwa mwaka 1846, na Reuters, la mwaka 1851, kwa kuwa wateja wake ni wa mirengo yote na taarifa inayoegemea upande mmoja ingeyaharibia soko. Nayo hukosea, lakini husahihisha hadharani, jambo lenye uzito kwangu kuliko kujitangaza kuwa hayana upande.

Juzi nililinganisha magazeti mawili yaliyoripoti hotuba ileile ya bajeti: moja liliweka ongezeko la kodi kwenye kichwa cha habari na kuisukumia nafuu ya wastaafu aya ya mwisho, la pili likafanya kinyume chake. Hakuna lililosema uongo! Upendeleo ulikuwa katika mpangilio tu, na nisingeutambua bila kuisoma hotuba yenyewe (inachosha, sitaficha) kwenye tovuti ya bunge. Chombo kinachoniwekea kiungo cha waraka halisi ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza, hata kama msimamo wa wahariri wake siupendi.